Mkaguzi wa Gesi kwenye Kijiji cha Theluji

Pyo Jeom-suk haingii jengo lolote kabla hajatazama juu ukutani. Hatafuti dirisha wala jina la mwenye nyumba. Anatafuta bomba la gesi. Kwenye mitaa ya Busan iliyopanda mlima, bomba hilo hupakwa rangi ya manjano na kupitishwa nje ya ukuta, na mtu aliyelifuata kwa miaka ishirini na saba hawezi kuacha kulifuata hata akienda harusini. Siku binti yake Areum alipoolewa, wageni wakiwa wamejipanga kupiga picha, mama wa bibi harusi alikuwa nyuma ya ukumbi katika nguo yake ya hariri, shingo ameinyoosha, akiwaambia wapishi kwamba kiungo cha pili kutoka juu kimelegea. Na kweli kilikuwa kimelegea.

Kazi yake ilikuwa kusoma mita na kukagua majiko ya watu. Alibisha, akasema kwa sauti kubwa "Ukaguzi wa gesi!", akavua viatu, akapita sebuleni hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi kile chumba kidogo cha nyuma chenye boila ya kupashia maji. Akapaka povu la sabuni kwenye viungo vya bomba kuona kama kuna panapovuja, akavaa viatu, akaenda nyumba inayofuata. Mbwa walimng'ata mara nne. Watu waliojifanya hawapo nyumbani hakuwahesabu. Alikuwa akisikia televisheni ikizimwa, halafu kimya, halafu mtoto anacheka na kuzibwa mdomo. Lakini wapo pia waliomtia kiazi kitamu cha moto mfukoni ili vidole vyake visife ganzi. Alijizoeza kutembea ukuta ukiwa mkono wake wa kushoto, tangu lango la kwanza la uchochoro mpaka la mwisho, ili asiruke nyumba hata moja. Hakuruka.

Kisha zikaja mita zinazojisoma zenyewe, na magoti yake nayo yakaanza kulia kwenye ngazi. Akiwa na miaka hamsini na tisa aliambiwa apumzike. Wiki yake ya mwisho kazini ndiyo iliyomfikisha kwenye ukumbi wa kompyuta wa Tak Byeong-gu.

Ukumbi huo uko chini ya ngazi kuu za mtaa. Una viti arobaini, na nyuma una jiko la kupikia tambi za wachezaji. Jeom-suk alikuwa amepiga magoti nyuma ya jiko hilo, sabuni mkononi, aliposikia kijana akipiga ukelele kama aliyemwagikiwa na supu.

"Nyumba gani hii haina pa kutokea!"

Alikuwa Do-gyun, mpeleka vyakula kwa pikipiki, ambaye kati ya zamu ya mchana na ya jioni hukaa pale kofia yake ngumu ikiwa mapajani. Jeom-suk alichungulia kioo chake. Akaona uchochoro wa mlimani, ngazi za saruji, mapaa bapa yaliyopakwa rangi ya kijani, na bomba la manjano likipanda ukutani. Akasahau sabuni.

"Mwanangu, wewe umekimbilia chumba cha kulala. Ungepita jikoni."

"Jikoni nikafanye nini, Mama Mdogo? Nipike?"

"Nyuma ya jikoni kuna chumba cha boila. Chumba cha boila lazima kiwe na dirisha. Kisingekuwa na dirisha nisingewapitisha."

"Usingewapitisha nani?"

"Wenye nyumba. Moshi wa boila utatokea wapi, masikioni?"

Tak, aliyekuwa akikatakata vitunguu vya majani, alicheka mpaka akaweka kisu chini. Do-gyun alianza mchezo upya, kwa kiburi tu, ili amwonyeshe mama huyu kwamba hajui kitu. Akakimbizwa tena, akaingia nyumba ileile, akapita jikoni, akasukuma mlango mwembamba. Dirisha lilikuwapo. Akaruka, akaanguka uchochoro wa nyuma, na aliyekuwa akimkimbiza akabaki ndani anazunguka kama kuku aliyefungiwa bafuni.

Kijana akavua visikilizio masikioni. "Umejuaje?"

"Bomba linaingilia pale," alisema Jeom-suk, akarudi kwenye sabuni yake.

Jumatatu iliyofuata hakuwa na kazi tena. Alishuka ngazi bila sanduku la vifaa, akakaa kiti namba kumi na nne, akaomba afundishwe.

Mchezo wenyewe unaitwa Taa Tano. Wachezaji wanne wanakimbia na mmoja anawinda. Wanne wanatakiwa wawashe taa tano zilizotawanywa mahali fulani, kisha lango lifunguke wakimbie. Mwindaji ni mwanamke aliyevaa gunia usoni, mwenye nguvu na mbio kuliko wao. Akikupiga mara mbili umelala, anakubeba na kukufungia kabatini, na humo unakaa mpaka mwenzako ajihatarishe kuja kukufungulia. Wanne hawana silaha. Wana madirisha, vizuizi vya kuangusha, na akili ya kujua mahali palivyo. Na mahali hapo hapabaki palivyo. Kila mchezo unapoanza, nyumba ni zilezile lakini zimepangwa upya, nyingine zimegeuzwa, na iliyokuwa juu ya ngazi jana leo iko bondeni. Mtu akikariri njia, njia hiyo inamwua.

Vidole vya Jeom-suk vilikuwa vimezoea spana, si vibonye. Mwanzoni alikuwa akitaka kukimbia anachuchumaa, akitaka kuchuchumaa anawasha tochi na kujitangaza. Vijana walicheka, naye akacheka nao. Lakini aliwazidi kwa jambo moja. Wao walikariri vyumba; yeye alijiuliza nani alikuwa akifanya kazi mahali pale, na alipita wapi na mzigo wake. Kwenye mtaa wa mlimani alifuata bomba, akajua nyumba imegeuzwa upande gani kabla hajaifikia. Kwenye hospitali alitafuta ngazi za wafagiaji, kwa sababu hakuna hospitali inayoshusha mashuka machafu kwa mlango wa wageni. Kwenye shule alitafuta jiko. Yote aliyachora kwa penseli kwenye daftari lake la zamani la kusomea mita, na kando ya kila nyumba akaweka alama: mviringo kwa pa kutokea, msalaba kwa pa kufia.

Wakamwingiza kwenye timu. Walikuwa Do-gyun, ambaye ndiye nahodha. Eun-bi, msichana wa chuo mwenye mdomo mkali. Ha-ram, mwalimu wa taekwondo, mtu mkubwa wa mwili anayeogopa giza. Na Mama Mdogo. Tak aliandika majina yao kwenye ubao wa bei za tambi, chini ya tambi za mayai.

Alikuwa na kasoro moja ambayo wenzake waliipenda. Kila alipoingia nyumba kwenye mchezo, hata akiwa anakimbizwa na roho imemfika kooni, mdomo wake ulisema wenyewe, kwa ile sauti iliyozoea kupenya milango ya chuma: "Ukaguzi wa gesi!" Ukumbi mzima uliisikia. Wateja wapya waliinuka wakidhani kweli kuna ukaguzi.

Nyumbani hakusema kitu. Mume wake, Cho Gi-man, alikuwa baharia wa meli za uvuvi za bahari ya kaskazini kwa miaka kumi na tisa, na tangu ateremke melini maneno yake kwa siku yanaenea kwenye kijiko. Angemwelezaje mtu kama huyo kwamba mke wake wa miaka sitini anashinda akikimbizwa na mwanamke wa gunia? Alimwambia anakwenda mazoezi ya majini, kwa ajili ya magoti. Kila jioni kabla ya kupanda ngazi alilowesha taulo kwenye bomba la maji la Tak.

"Dada, hii dhambi nami naishiriki, maji ni yangu," Tak alimwambia.

"Wewe nyamaza upike."

Mambo yakaenda vizuri hivyo kwa mwaka mzima na zaidi. Kisha yakatangazwa mashindano ya kumbi za kompyuta za wilaya, Jumamosi ya tatu ya mwezi wa kumi na moja, na siku chache kabla yake watengenezaji wa mchezo wakaleta mahali papya: kijiji cha theluji, nyumba za mbao, misonobari, ukungu. Ilitangazwa kwamba raundi ya kwanza itachezewa huko.

Kijiji hicho kiliwaaibisha watu wote wa mtaa ule. Sababu ilikuwa mapaa. Mtu aliyekulia mlimani Busan akifukuzwa hupanda juu, kwa kuwa paa la nyumba yake linagusana na la jirani, na la jirani na la mwingine, na toka utoto amevuka hivyo kwenda kuomba chumvi. Basi kila walipokimbizwa, miguu yao ilipanda. Lakini mapaa ya kijiji cha theluji yalikuwa yameinama kama kofia. Ha-ram alipanda, akateleza, akaangukia miguuni pa Bibi Gunia kama zawadi. Eun-bi akapanda, akateleza upande wa pili. Do-gyun aliwatukana wote wawili, kisha akapanda yeye.

Wao walijifunza baada ya siku mbili. Jeom-suk hakujifunza. Hakukuwa na bomba ukutani. Hakukuwa na chumba cha boila. Milango ya mbele ilizibwa na theluji, na kuisukuma kulichukua muda wa mtu kupigwa mara mbili. Alishika ukuta mkono wa kushoto kama kawaida yake, akazunguka nyumba, akakutana na gunia. Kwa michezo mitano mfululizo alikuwa wa kwanza kuingia kabatini, na wenzake wakakamatwa wakienda kumtoa.

Jumanne Do-gyun akaja kusimama karibu na kiti namba kumi na nne. Kofia yake ilikuwa mkononi, anaizungusha.

"Mama Mdogo, umekula?"

"Nimekula. Sema ulichotumwa na moyo wako."

"Kuna yule Ye-ju, msaidizi wa daktari wa meno. Timu yao imevunjika. Vidole vyake ni vyepesi sana. Nilikuwa nafikiri, kwa hii raundi ya theluji tu, akae yeye, halafu wewe ukae nyuma yetu utuelekeze."

"Sheria zinasema nini juu ya mtu wa nyuma?"

Do-gyun akatazama chini. "Haruhusiwi kusema."

"Basi nitakaa nyuma kama mtungi."

"Mama Mdogo, usiseme hivyo, nitalia hapa."

Jeom-suk alifunga daftari lake. Hakuwa mtu wa kung'ang'ania. Hata kazi aliiacha bila neno, akarudisha sanduku la vifaa limefutwa vumbi. Lakini kiti hiki alikitaka. Tangu mita zianze kujisoma zenyewe, hapa ndipo mahali pekee ambapo mtu alimwuliza, "Hii nyumba imekaaje?" na akangoja jibu.

"Nipimeni," alisema. "Kwenye theluji hukohuko. Huyo Ye-ju awe Bibi Gunia, anikimbize mimi peke yangu. Nikishindwa kiti ni chake."

"Dakika ngapi?"

"Wewe ndiye nahodha."

Do-gyun alifikiri. Mtu mmoja akimshughulisha mwindaji kwa dakika tatu, watatu waliobaki wanawasha taa tatu. "Tatu," alisema. "Alhamisi, saa tisa alasiri, nikitoka zamu ya mchana."

Jeom-suk akapanda ngazi kwenda nyumbani akiwa na mawazo mengi, na kwa mara ya kwanza akasahau taulo.

Cho Gi-man alikuwa mezani akimenya vitunguu saumu. Aliipokea mifuko ya mke wake, akalitoa taulo ili alianike, akasimama nalo.

"Mama Areum. Taulo kavu."

"Leo sikuingia majini."

"Jana lilinuka kitunguu."

Alikuwa akijua, basi. Jeom-suk akakaa chini na kumweleza yote tangu dirisha la boila: taa tano, mwanamke wa gunia, makabati, kiti namba kumi na nne. Mume alisikiliza huku akimenya.

"Watu wanakukimbiza," alisema mwishowe, "na wewe unalipia."

"Ndiyo."

"Na unafurahi."

"Baba Areum, ninafurahi sana."

Akamenya viwili vitatu zaidi. "Sasa tatizo nini?"

Alimwonyesha daftari. Kijiji cha theluji kilikuwa kimejaa misalaba, hakuna mviringo hata mmoja. Gi-man alivuta miwani yake, akatazama michoro kwa muda mrefu kuliko Jeom-suk alivyowahi kumwona akitazama kitu kisicho samaki. Kisha akasema jambo ambalo katika miaka thelathini na mitano ya ndoa hakuwahi kulisema.

"Tulikwama bandari kama hii miezi mitatu. Mashine ya meli ilikufa. Areum alikuwa hajazaliwa."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa na kazi."

Aliondoka, akarudi na ukurasa wa kalenda ya mwezi uliopita na bakuli la unga wa mchele. Akaukunja ukurasa katikati, akausimamisha mezani kama paa. Akachota unga, akaumwaga taratibu juu ya mkunjo. Unga ukateleza pande mbili, ukarundikana chini kwenye kingo zote mbili.

"Umeona unapoangukia? Mtu mwenye akili hawezi kuweka mlango hapo. Akiweka, ni wa majira ya joto tu." Akagusa upande ulio wazi, pale ukurasa ulipofanya pembetatu. "Hapa hapaanguki kitu. Wakati wa baridi watu wote wa kule walipita hapa. Mlango mfupi, unainama. Na kuni wanazipanga hapohapo, ili usiende mbali kuzifuata."

"Kuni ziko," alisema Jeom-suk polepole. "Kila nyumba ina kuni. Tulidhani ni pambo."

"Nani atapamba kwa kuni?"

Jeom-suk akachukua penseli. Usiku ule hakuchora mlango hata mmoja; alichora mapaa tu, kila nyumba jinsi kofia yake ilivyoelekea, na kwenye kila pembetatu akaweka mviringo. Mume wake aliukusanya unga, akaurudisha bakulini.

Alhamisi alasiri habari zilikuwa zimeenea, na ukumbini hapakuwa na kiti kitupu. Ye-ju alikuwa amekaa safu ya tatu, binti mwembamba, bado amevaa sare ya rangi ya waridi ya kazini. Aliinama kwa heshima.

"Mama Mdogo, samahani mapema."

"Usiniombe samahani, nikimbize vizuri. Nitajua ukinionea huruma."

"Sitakuonea."

"Na uvae vile vitu masikioni!" Eun-bi akampigia kelele. "Asikusikilize!"

"Navaa kimoja," Ye-ju alijibu. "Kazini nimezoea, sikio moja kwa daktari, jingine kwa mgonjwa."

Mlango ukafunguka, Cho Gi-man akaingia. Hakuna aliyemjua. Alikuwa ameshika plasta ya magoti ambayo mke wake alikuwa ameisahau kitandani. Akampa Jeom-suk, akatazama huku na huku, akaenda kukaa karibu na jiko.

"Nikupe nini, kaka?" aliuliza Tak.

"Wewe ndiye mwenye bomba la taulo?"

Tak aliweka kijiko chini. "Ndiyo."

"Tambi."

Do-gyun akawasha saa ya simu yake. Mchezo ukaanza.

Jeom-suk aliangukia kwenye ukungu kati ya misonobari. Alipozungusha macho mara ya kwanza, hakutazama kuta, alitazama juu. Kofia moja mbele, imeelekea kulia. Nyingine nyuma yake, pembetatu imemgeukia. Gunia likatokea kushoto, karibu kuliko alivyotaka. Akakimbia kuelekea ile iliyomgeukia, akaona kuni chini ya pembetatu, akazipita kwa ubavu, na nyuma yake kweli palikuwa na mlango mfupi wa mbao. Ukafunguka mara moja. Ukumbi ukaguna. Do-gyun alikuwa akiijua milango miwili ya namna hiyo akidhani ni bahati. Sasa alimwona mtu anayeifuata kama anwani.

"Ukaguzi wa gesi!" alisema Jeom-suk.

Eun-bi akajipiga paji la uso. Ye-ju, sikio lake moja likiwa wazi, akajua papo hapo yuko ndani. Akaizunguka nyumba, akamkuta anatokea upande wa pili, akampiga. Pigo moja. Sekunde hamsini.

"Mama Mdogo, mdomo!" Ha-ram alilia.

"Si mimi, ni miaka ishirini na saba!"

Akakimbia anachechemea. Aliifunga midomo, akaiuma. Nyumba ya pili, pembetatu, kuni, mlango, ndani, nje, bila neno, na shingo yake ikavimba kama mtu aliyezuia chafya. Akaangusha kuni nyuma yake, Ye-ju akabaki akizipangua. Dakika moja na nusu. Kwenye nyumba ya tatu alitaka kushika ukuta mkono wa kushoto, kisha akaona kivuli kimetangulia kumngoja hukohuko. Binti alikuwa amemsoma. Basi akageuka, akaushika ukuta kwa mkono wa kulia. Hajawahi kufanya hivyo toka siku ya kwanza ya kazi. Alihisi kama amevaa kiatu cha mtu mwingine, lakini kilimtoa.

"Dakika mbili na kumi," alisema Do-gyun. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Na hapo ikatokea nyumba ya mwisho, imesimama peke yake mwisho wa kijiji, na nyuma yake uzio. Hakukuwa na nyingine ya kukimbilia. Akiingia, angetokea mikononi mwa Ye-ju; akibaki nje, angeonekana. Ukungu ulikuwa umewatenganisha kwa hatua chache. Jeom-suk alichuchumaa nyuma ya rundo la kuni, nje, theluji ikimfika magotini, akasikia hatua za Bibi Gunia zikikaribia.

Wengi walikuwa wamemfanyia yeye hivi, nyuma ya milango yao ya chuma, televisheni imezimwa, pumzi wamezishika. Aliwafahamu wote. Alifahamu pia kinachomfanya mtu aamini kwamba ndani kuna mtu.

Akavuta pumzi, akatangaza kwa sauti iliyotetemesha vikombe vya Tak:

"Ukaguzi wa gesi!"

Ye-ju hakungoja. Aliupita mlango mfupi kama mshale, akaingia ndani kumkamata. Jeom-suk akainuka, akaziangusha kuni zote mbele ya mlango. Mlango wa pili wa nyumba ile ulikuwa ule wa majira ya joto, chini ya mwinamo wa paa, theluji imejaa mpaka kwenye kitasa. Bibi Gunia alisukuma, akasukuma. Jeom-suk aliondoka taratibu kuelekea kwenye misonobari, bila haraka, kama mtu aliyemaliza uchochoro.

"Tatu!" Do-gyun alipiga kelele akaangusha simu.

Ukumbi ulilipuka. Ha-ram alimnyanyua Mama Mdogo pamoja na kiti. Ye-ju alivua kile kisikilizio kimoja, macho yamemtoka.

"Amenidanganya! Alisema yuko ndani!"

"Binti yangu," Tak alimjibu kutoka jikoni, "huyu mama watu wamemdanganya miaka ishirini na saba kwamba hawapo. Mwache naye adanganye siku moja kwamba yupo."

Ye-ju alijaribu kununa, akashindwa, akacheka. Akasogea mpaka kiti namba kumi na nne. "Ile milango umeijuaje, Mama Mdogo? Mimi nimekicheza kile kijiji mara sitini."

Jeom-suk akaelekeza kidevu chake jikoni, ambako mzee mmoja alikuwa akivuta tambi bila kuinua kichwa. "Muulize yule. Lakini umwulize polepole, maneno yake hutoka moja moja."

Do-gyun alikuwa tayari amelifuta jina la Ye-ju ambalo alikuwa ameliandika kwa penseli ubaoni, pembeni, akidhani hakuna aliyeliona. Jeom-suk alikuwa ameliona tangu alipoingia. 

Jumamosi walishinda raundi ya theluji, wakatolewa raundi ya pili huko hospitalini, kwa sababu Ha-ram aligoma kuingia chumba cha maiti. Walimtolea hasira yote njia nzima, naye akawanunulia kuku wa kukaanga.

Taulo siku hizi haliloweshwi tena. Mara mbili kwa wiki Jeom-suk na mumewe hushuka ngazi pamoja, yeye akitangulia kwa sababu ya magoti, mume nyuma akibeba mto wa kukalia. Gi-man hachezi. Anakaa namba kumi na tano na kutazama kioo cha mke wake, mikono kifuani, na mara mojamoja, wakifika mahali penye gati au meli, anasema neno: "Kamba." Au: "Chini." Na Jeom-suk huenda chini.